Kutoka sanduku la bati hadi mtandaoni: namna ya kuhifadhi picha, barua na kaseti za mtaa wako

Mimi kazi yangu ni fotokopi, kuchapa barua na picha za pasipoti hapa Jinja, Uganda, na mashine inayoniingizia hela nzuri kuliko zote kibandani ni ile ya laminesheni. Kwa hiyo niamini ninapokuambia: cheti cha babu yako usikifanyie laminesheni. Ile plastiki inayeyuka kwa moto, inashikana na karatasi, na siku ukitaka kuitoa inatoka na wino. Wateja wakiniletea karatasi za zamani nawarudishia, nawauzia bahasha, kisha tunaanza mazungumzo mengine kabisa. Mwongozo huu umetokana na mazungumzo hayo.

Nauandikia hasa watu wa mitaa kama wetu. Hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, baba yako anaweza kuwa Mwacholi, jirani wa kulia Mluo, wa kushoto Mnubi mwenye ndugu Bombo, na wote wakaletwa na reli, kiwanda cha nguo cha Nytil au kambi ya jeshi. Kilichotukutanisha ni Kiswahili. Busoga ina mfalme wake, Kyabazinga, Buganda ina makaburi ya wafalme ya Kasubi, lakini historia ya mtaa wa mchanganyiko haina ufalme wa kuitunza. Serikali nayo ina nyaraka zake. Jengo la kumbukumbu za taifa liko Wandegeya, Kampala, na sheria yake ni ya mwaka 2001. Ukienda huko utasoma barua ambazo ofisi ziliandikiana kuhusu watu kama wazazi wetu. Barua za wazazi wenyewe ziko chini ya vitanda, kwenye masanduku ya bati, pamoja na shuka za wageni.

Anza na mtu, skana itasubiri

Kuna mtindo nauona kila mara. Kijana anakuja na simu nzuri, anapiga picha albamu nzima mchana mmoja, anaondoka na mamia ya mafaili yasiyo na jina hata moja. Bibi akishafariki, hakuna wa kumwambia nani ni nani, hata mafaili yakiwa kwenye kompyuta kumi. Mashine ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Majina ndiyo kazi.

Siku ya kwanza nenda bila skana. Nenda na simu yenye chaji, iweke irekodi sauti, na muombe mwenye albamu aifungue kwa mkono wake. Usimuulize mwaka. Wazee wetu hawahesabu kwa miaka, wanahesabu kwa matukio, na matukio yana tarehe. Akisema “hii ni kabla ya Wahindi kuondoka”, tayari unajua: Idi Amin aliwapa siku 90 za kuondoka mwezi Agosti 1972. Akisema “hapo nina mimba ya Musa”, kamtafute Musa na cheti chake.

Jambo moja dogo litakuokoa: kila akionyesha mtu, wewe taja nafasi ya huyo mtu kwa sauti. “Huyu wa pili kutoka kushoto, waliosimama, mwenye kofia?” Usipofanya hivyo, jioni ukisikiliza rekodi utasikia “huyu hapa, na huyu, na huyu maskini alishakufa”, wala hutajua kidole kilikuwa kimegusa wapi.

Hajati mmoja wa hapa ana picha ya kijana amesimama na baiskeli mbele ya pazia lenye michoro ya minazi. Kifua mbele, saa mkononi, suruali imepigwa pasi hadi mstari unaonekana. Nyumbani kwake watoto wote waliijua kama picha ya baiskeli ya mjomba. Tulipoifikia, Hajati akacheka hadi akavua miwani. “Huyo ni shemeji yangu. Baiskeli ni ya mpiga picha. Na saa pia.” Ikabidi niandike hivyo hivyo kwenye daftari: baiskeli na saa ni vya studio. Mtu atakayekuja kutafiti maisha ya wafanyakazi wa viwandani, akiiona picha bila maneno hayo, ataandika kwamba vibarua wa Jinja walikuwa na baiskeli na saa za mkono.

Halafu kuna suala la wanawake. Nyuma ya picha nyingi utakuta pameandikwa “Bwana Fulani na mkewe”. Uliza jina la huyo mke, jina aliloitwa kwao, na kwao ni wapi. Kwenye daftari langu “mkewe” peke yake haliingii. Mara nyingi inabidi kumpigia mtu simu Arua au Tororo ili kulipata jina hilo, na ni muda wa maongezi uliotumika vizuri.

Maneno ya mzee yaandike alivyoyasema. Kama Kiswahili chake kina Kiganda ndani, au Kinubi, au neno la karakana ya reli ambalo hulijui, liache na uulize maana yake pembeni. Usimsahihishie sarufi. Hicho Kiswahili chake nacho ni sehemu ya unachohifadhi.

Kutafuta mwaka pale ambapo hakuna anayekumbuka

Sehemu hii mimi naipenda kuliko zote, nitajiachia kidogo.

Karatasi za reli zinasema umri wake zenyewe. Ukiona kitambulisho au hati ya mshahara ina K.U.R. & H., hiyo ni reli ya Kenya na Uganda ya kabla ya 1948. Mwaka huo iliunganishwa na ya Tanganyika, ikawa E.A.R. & H., na herufi hizo zikadumu hadi 1969, bandari zilipotengwa zikawa na shirika lake na reli ikawa East African Railways Corporation. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na reli yake, na hapo ndipo jina Uganda Railways linapoanza kwenye karatasi. Kwa hiyo karatasi isiyo na tarehe, ikiwa na kichwa cha E.A.R. & H., umeshaifungia ndani ya miaka 21. Angalizo: ofisi zilikuwa zikimalizia karatasi za zamani kabla ya kuchapisha mpya. Toa nafasi ya mwaka mmoja au miwili.

Mto nao ni kalenda. Picha inayoonyesha maporomoko ya Ripon yakimwagika ni ya kabla ya bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilizindua Aprili 1954 na leo tunaliita Nalubaale. Maji yalipopanda, maporomoko yakazama. Daraja la reli juu ya Nile lilikamilika mwaka 1931, mwaka ambao treni ilifika Kampala. Picha ya mto pale bila daraja hilo ni ya zamani kweli. Na likionekana daraja jipya la nyaya, picha ni ya karibuni, maana lilifunguliwa Oktoba 2018.

Pesa na stempu zinasaidia pia. Stempu yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita inakurudisha enzi zake. Alifariki Februari 1952, ingawa stempu zake ziliendelea kutumika kwa muda. Noti za shilingi ya Uganda zilianza mwaka 1966. Na ukikuta risiti ya vitu vya kawaida vya dukani yenye bei ya kutisha, tazama kama ni ya kabla ya Mei 1987, kwa sababu mwezi huo sifuri mbili ziliondolewa kwenye shilingi yetu.

Geuza kila picha. Muhuri wa studio ukiwa na jina la Kihindi, na wazee wakisema duka lile lilifungwa wenyewe walipofukuzwa, picha haivuki 1972. Kingo zilizokatwa mithili ya meno ya msumeno zilikuwa mtindo wa miaka ya 1950 na 1960, ila hicho ni kidokezo tu, usikiapie.

Unapoandika mwaka, onyesha umeupataje. “1958, imeandikwa nyuma” si sawa na “kati ya 1955 na 1962, kwa kumbukumbu ya binti yake”. Mimi naandika vyote viwili hivyo hivyo, kwa urefu wake. Daftari langu halina mwaka uliozaliwa kwa kukisia.

Kusafisha: fanya kidogo kuliko unavyotaka

Osha mikono, ikauke, usipake losheni. Futa vumbi kwa brashi laini mpya ya kupaka rangi, ukielekeza nje. Maji usiguse, spiriti usiguse, na mkate wa kufutia ambao mtu alikuonyesha kwenye video uache. Pini na klipu zilizopata kutu zitoe taratibu; ziteleze juu ya kipande cha karatasi ngumu ili zisikwaruze. Karatasi iliyochanika usiibandike kwa seloteipu. Gundi yake inageuka rangi ya chai na doa halitoki. Weka vipande pamoja ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, basi.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Unyevu wa ziwa unaifanya iungane na kioo, ukivuta unabaki na sura ya mtu kwenye kioo na mwili kwenye karatasi. Ipige hapo hapo kupitia kioo. Zile albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni juu, zilizopendwa sana kwenye harusi, ni hivyo hivyo: piga ukurasa mzima kwanza. Kama lazima picha itoke, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake kama msumeno, polepole, na ikikataa iache.

Baadaye usirudishe vitu kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kaveera linafungia jasho. Karatasi nyeupe, bahasha, boksi la kadibodi safi, juu ya kabati lisilogusa ukuta. Sanduku la bati lenyewe si baya hata kidogo, linazuia panya na mchwa. Tatizo ni kuliweka sakafuni na kulifunga likiwa na unyevu. Liinue kwa matofali mawili, lifungue siku za kiangazi lipate hewa, na ukaguzi huo ufanye kila msimu wa mvua ukiisha.

Kunakili

Ukiwa na skana ya kawaida ya ofisi, inatosha. Barua na vyeti viskani kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi) kwa rangi, hata kama maandishi ni meusi, maana mihuri na wino wa bluu ni ushahidi. Picha ziskani kwa 600. Zile ndogo za pasipoti panda hadi 1200. Hifadhi nakala mama kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa dpi 600 itakula karibu megabaiti 25, kwa hiyo jipange na diski. Zima kila kitu kinachoitwa kuboresha, kung’arisha au kuondoa madoa. Skani na nyuma ya picha pia, kila mara, hata kama unaona ni tupu. Kuna namba za penseli zisizoonekana hadi uongeze mwanga.

Ukiwa na simu tu, kazi inafanyika. Weka meza karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, tandika kitambaa cheusi, weka picha bapa, na simu uiegemeze juu ya stuli mbili au makopo ili isitikisike na iwe sambamba na meza. Usitumie flashi. Picha inayong’aa ikirudisha mwanga, simama upande mwingine wa dirisha, au mtu ashike khanga nyeusi nyuma ya simu. Programu za simu za “kuskani” hati zinafaa kwa risiti. Picha za watu zinaziharibu, zinawafanya weupe kama unga.

Negativu watu wanazitupa wakidhani ni takataka za studio. Usitupe hata moja. Mwaka 2015 kwenye shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilipatikana negativu kama 70,000, nyingi za enzi ya Amin, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa Uganda Museum pale Kitante. Bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio. Negativu yako ya nyumbani unaweza kuinakili hivi: fungua ukurasa mweupe kwenye simu ya pili, ongeza mwanga wake hadi mwisho, weka juu yake kioo chembamba kilichoinuliwa sentimita tatu hivi ili vidoti vya skrini visionekane, laza negativu juu ya kioo, zima taa za chumbani, piga. Kisha igeuze kwenye programu yoyote ya picha yenye sehemu ya kubadili rangi kinyume. Sura za watu zitatokea, na nakuhakikishia chumba kizima kitapiga kelele.

Kaseti zinahitaji haraka kuliko kitu chochote kingine, kwa sababu redio za kaseti zinazofanya kazi zinaisha mjini. Nyimbo za harusi, mawaidha, salamu ambazo mtu alirekodi akiwa Nairobi akaituma kaseti badala ya barua, vyote hivyo. Tafuta redio nzuri, safisha kichwa chake kwa pamba yenye spiriti kidogo, subiri ikauke. Kaseti yenyewe izungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo kabla ya kuicheza, ili mkanda uliolala miaka uachane. Ikiwa na ukungu mweupe ndani usiiweke kabisa kwenye redio, itachafua na nyingine. Waya wa kawaida kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la maikrofoni la laptopu, programu ya bure ya Audacity, sauti ya redio iwe ya wastani ili isipasuke, na hifadhi kwa WAV. Saa moja ni kama megabaiti 600. Mp3 utatengeneza baadaye kwa ajili ya kutumiana. Rekodi upande mzima bila kukata, hata pale mtoto anapolia na mtu anasema “zima hiyo”. Utamu mara nyingi upo hapo.

Kwa anayedhani kaseti za mtaani hazina thamani: Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Uganda Museum miaka ya 1940 na 1950, alizunguka nchi akirekodi muziki. Kwa miaka mingi wa kuzisikiliza rekodi zile ilikuwa lazima afike zilikowekwa, Ulaya, hadi nakala za kidijitali zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Leo mpiga endongo, ala yetu ya nyuzi, anaweza kusikia aliyemtangulia. Ndugu zako hawakurekodiwa na Wachsmann. Walirekodiwa na mjomba mwenye redio ya National.

Jina la faili na daftari

Faili liitwe kwa herufi ndogo, bila nafasi: wlk-alb01-014.tif. Mtaa, albamu, namba ya picha kwa mpangilio ulioukuta. Mpangilio wa mwenye albamu usiuvunje, hata kama unakuudhi. Kumweka marehemu mume kando ya mke mdogo inaweza kuwa ni kauli. Nyuma iwe namba ile ile na herufi b.

Habari zote nyingine ziende kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila picha: namba, nani, wapi, lini na umejuaje, nani alikuambia na siku gani, kitu halisi kiko kwa nani, ruhusa. Kwenye picha halisi andika namba peke yake, nyuma, kwa penseli laini bila kukandamiza. Biro inatokeza upande wa pili.

Ruhusa

Hapa nitasimama, kwa sababu hapa ndipo urafiki unapovunjika.

Kuwa na picha mkononi si kuwa na haki ya kuitangaza. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi kwa miaka mingi, na kuna sheria ya 2019 ya ulinzi wa taarifa za watu. Kwa mtaa wetu, lakini, sheria si kikwazo cha kwanza. Kikwazo ni kwamba kila sanduku lina siri. Kuna wazee waliopigwa picha na magwanda miaka ya 1970 na wasingependa wajukuu waulize. Kuna harusi ya kwanza ambayo mke wa pili hajawahi kuiona. Kuna hati ya kiwanja ambayo ndugu wanne bado wanaigombania.

Kwa hiyo mimi huuliza kila picha, si kila albamu, na majibu ni matatu: wazi kwa wote, familia tu, au isubiri. “Isubiri” iwe na kikomo ambacho mwenyewe anakitaja, kwa mfano hadi nitakapofariki. Makubaliano yaandikwe kwa lugha anayoisoma, ukurasa mmoja, asaini au aweke dole gumba, na mtoto wake mmoja awe shahidi. Mwambie wazi kwamba kitu kikishatoka mtandaoni hakirudi chote, hata ukikifuta. Wengine wakisikia hivyo wanaghairi. Waache waghairi.

Vyeti, pasipoti na barua za benki zifiche namba kabla ya kuziweka hadharani. Barua za mapenzi uliza pande zote mbili, au vizazi vyao.

Na kitu halisi kibaki kwa mwenyewe. Ukianza kukusanya masanduku ya watu nyumbani kwako, kesho utaitwa kwa mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa, ujieleze. Mpango mkubwa zaidi nao hufuata njia hiyo: Maktaba ya Uingereza ina programu iliyoanza mwaka 2004 ya kufadhili kunakili nyaraka zilizo hatarini duniani, nayo inataka nyaraka zenyewe zibaki nchini mwake.

Nakala ngapi, na wapi

Tatu, na moja isiwe jengo moja na nyingine. Makaburi ya Kasubi yaliungua Machi 2010, jengo kuu la Makerere likaungua Septemba 2020 pamoja na kumbukumbu za ofisi zilizokuwamo. Kama moto unafika Makerere, unafika na kibandani kwangu. Mimi nina diski ya nje dukani, nyingine kwa dada yangu Bugembe, na ya tatu iko mtandaoni. Flashi si hifadhi, ni chombo cha kubebea tu. Nunua diski yenye jina dukani kwa mtu unayemjua, zile za bei ya kutupa barabarani zinadanganya ukubwa wake. Laptopu iwe na betri nzima au yuupiesi (UPS, kifaa cha umeme wa akiba), kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika diski unaweza kupoteza na kilichokuwamo.

Kuzifungua kwa umma

Watu wengi wataishia kwenye kikundi cha WhatsApp. Kikundi ni kizuri kwa kutambua sura: weka picha moja jioni, asubuhi una majina sita na ugomvi mmoja. Lakini WhatsApp inaibana picha, inabaki kivuli. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama dokyumenti. Facebook nayo ilifungwa hapa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na baada ya hapo watu wakawa wanaingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Hifadhi ya mtaa huwezi kuiweka mahali ambapo mwenye mtaa anaingilia dirishani.

Ninapoziweka mimi ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Ni bure, inapokea picha, sauti na PDF, na inakupa sehemu ya kuandika maelezo. Fungua akaunti kwa barua pepe ya mradi badala ya yako binafsi. Wikimedia Commons ni nzuri pia kwa picha za majengo na mitaa, ila pale ni lazima mwenye haki akubali mtu yeyote atumie picha hata kibiashara, na wazee wengi hilo hawalitaki kwa sura zao. Maelezo yaandike kwa Kiswahili kwanza, kisha majina ya mahali kwa tahajia zote unazozijua, maana mtu atatafuta kwa ile aliyoizoea.

Fikiria bando la msomaji. Tangu Julai 2021 intaneti yetu ina kodi ya asilimia 12 juu yake, na mama anayetaka kumwona marehemu kaka yake hatafungua faili la megabaiti 25. Tengeneza nakala ya JPEG isiyozidi kilobaiti 300 kwa kutazama, TIFF ibaki kwako kwa atakayeomba. Kaseti ikate vipande vya dakika chache vyenye majina, na ile nzima iwepo kwa anayetaka.

Na usisahau wasio na simu janja, ambao ndio wenye majina. Mimi nachapa picha mbili kwa karatasi ya A4, nyeusi na nyeupe, natundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya kibanda siku ya Ijumaa watu wakitoka msikitini, na kalamu inaning’inia pembeni. Wanaandika juu ya karatasi: huyu si Juma, ni pacha wake, hii si Walukuba, ni Masese. Jumamosi nahamishia kwenye jedwali, na jina la aliyesahihisha. Wakipingana naandika pande zote mbili.

Mtu akija kusema ondoa picha ya mama yangu, iondoe kwanza siku hiyo hiyo, maswali baadaye. Usibishane naye kwa karatasi ya ruhusa aliyosaini shangazi yake.

Kila mwaka, mimi nimechagua Januari biashara ikiwa imelala, fungua kila diski na ufungue mafaili machache kutoka kila folda. Diski ikifika miaka mitano inunulie mrithi hata kama haijalalamika. Nywila ya akaunti, orodha ya diski na jedwali lililochapishwa viwe ndani ya bahasha moja kwa mtu mdogo kuliko wewe ambaye anajua kuvitumia. Yangu iko kwa mpwa wangu, anasoma uhasibu, na ameshanilalamikia kwamba jedwali langu lina safu nyingi mno.